Je, wajua kwa nini mtu humtaja Mungu zaidi akiwa mlimani?

Basi la Dodoma kwenda Babati likishaipita Kondoa na kuanza kuhema kwenye vilima, kuna maneno hayakosekani. Bonde linafunguka upande mmoja, na abiria wa dirishani anatamka, bila kumlenga mtu yeyote: "Mungu fundi." Hakuna anayembishia. Lakini abiria huyo huyo amekatiza tambarare za Chemba muda mrefu bila kumtaja Mungu hata mara moja, na aliyeumba vilima ndiye aliyeumba Chemba.

Sasa kwa nini mlimani?

Jibu linalopendwa, hasa na wanaojiona wamesoma sayansi, ni hewa. Eti kule juu oksijeni ni kidogo, ubongo unapungukiwa, mtu anaanza kuona na kusikia yasiyokuwepo. Wazo lenyewe si la vijiweni tu. Mwaka 2005 Shahar Arzy na wenzake, watafiti wa ubongo, walichapisha andiko lililouliza kwa nini mafunuo ya dini yametokea milimani, na upungufu wa oksijeni ukawa sehemu ya jibu lao. Wao walilitoa kama dhana ya kupimwa. Lilipofika kwa wasimuliaji likawa ukweli uliokwisha kuthibitishwa.

Hesabu zinalikataa. Kwanza, kiwango cha oksijeni hewani hakipungui: ni asilimia 21 ufukweni na ni asilimia 21 kileleni. Kinachoshuka ni mgandamizo wa hewa, hivyo kila pumzi inaingiza oksijeni kidogo zaidi. Kileleni Kilimanjaro, mita 5,895, mgandamizo ni karibu nusu ya ule wa Dar es Salaam. Dodoma mjini, mita 1,120 hivi, ni kama asilimia 88, na mwili hauna habari. Ugonjwa wa mwinuko huanza kuhofiwa kuanzia mita 2,500 hivi.

Pili, na hapa ndipo utamu ulipo, milima mashuhuri ya mafunuo ni mifupi. Jabal Nur, lenye pango la Hira ambamo wahyi wa kwanza ulimshukia Mtume Muhammad (s.a.w.), lina kilele cha mita 640 hivi kutoka usawa wa bahari. Mlima Tabori, ambao mapokeo ya Kikristo yanasema ndipo Yesu alipogeuka sura, haufiki mita 600. Vilele vyote viwili viko chini kuliko stendi ya mabasi ya Dodoma. Jabal Musa kule Sinai, mita 2,285, nao haujafika panapotisha. Kama hewa nyembamba ndiyo ingekuwa siri, watu wa Dodoma wangekuwa wanaona maono wakisubiri daladala.

Ukitaka hewa inayouma kweli katika ukanda huu, nenda Mlima Hanang, zaidi ya mita 3,400, kaskazini-mashariki ya Singida. Huko upungufu wa oksijeni unaweza kuchangia kitu. Ila dalili zake za kawaida ni kichwa kuuma na kichefuchefu, na sijawahi kusikia mtu aliyeviita ibada.

Kinachobadilika haraka mtu anapopanda ni upeo wa macho. Chukua kimo cha macho yako juu ya tambarare kwa mita, tafuta kipeuo chake cha pili, zidisha kwa 3.6: unapata kilomita unazoweza kuona kabla dunia haijajikunja. Aliyesimama kwenye tambarare anaona kilomita 4.6 hivi. Akipanda kilima cha mita 100 anaona kama 36, na eneo lililo mbele ya macho yake limekuwa kubwa mara 60 hivi. Ugogo umebarikiwa vilima vya namna hiyo, vilima vya mawe magumu ya matale (graniti) vilivyosimama peke yake baada ya udongo na miamba laini ya pembeni kumomonyoka. Unatoka tambarare, unapanda kwa muda mfupi, na ghafla wilaya nzima iko miguuni. Bila shaka hesabu hii inadai nchi iliyo sawa na hewa safi. Vumbi la Septemba linakula nusu ya upeo; asubuhi ya baada ya mvua za kwanza ndiyo yenyewe.

Akili inaufanyia nini upeo huo? Mwaka 2003 wanasaikolojia Dacher Keltner na Jonathan Haidt walipendekeza kwamba kicho, ile hali ya kushangaa hadi kunyenyekea, kina sehemu mbili: kitu kikubwa mno, na akili kulazimika kujipanga upya ili kikae. Fikiria mama wa soko la Majengo, Dodoma, na sado yake, lile kopo la kupimia nafaka. Mahindi anayapima kwa sado, maharage kwa sado, karanga kwa sado. Siku nzima haimwangushi. Kisha mtu ampeleke kwenye ghala lililojaa hadi kwenye dari amwambie apime. Sado haijaharibika, ila kazi imeipita. Anaweza kutafuta kipimo kingine, au akaiweka chini na kutazama tu. Akili nayo mchana kutwa inapima vitu vya saizi yake: nauli, ada, foleni, nani kasema nini. Upeo wa kilomita 36 hauingii humo, na wasiwasi wa ada nao kwa dakika chache unaonekana mdogo.

Kuonekana mdogo kumepimwa kwa njia ya kuchekesha kidogo. Yang Bai na wenzake, katika utafiti wa mwaka 2017, waliwaomba watalii wa Yosemite, bonde la majabali huko Marekani, wajichore. Walijichora wadogo kuliko watalii waliohojiwa kwenye eneo la starehe mjini San Francisco.

Kutoka udogo hadi Mungu kuna hatua nyingine. Piercarlo Valdesolo na Jesse Graham walionyesha mwaka 2014 kwamba waliotazama video za mandhari ya kutisha kwa ukubwa walielekea zaidi kuamini nguvu zisizo za kawaida, na hata kuona mpangilio wa makusudi katika tarakimu zilizopangwa ovyo. Maelezo yao ni kwamba akili iliyokosa kipimo haipendi kukaa na mashaka, hivyo inamtafuta mwenye kupanga. Ila ile ilikuwa video, na watu wale walikuwa Wamarekani. Kuwavisha abiria wa Babati matokeo hayo ni kuvuta shuka. Tena kueleza jinsi hisia inavyowaka hakusemi kama kuna Aliyeiwasha au hakuna. Mwenye imani atasema macho aliumbiwa kwa kazi hiyo hiyo, na utafiti huu hauna la kumjibu.

Halafu kuna mapango. Hira ni pango. Eliya alipofika Horebu aliingia pangoni. Na Mungomi wa Kolo, kwenye eneo la michoro ya miambani ya Kondoa lililoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006, Warangi wamekuwa wakipanda hadi kwenye majabali kuombea mvua na uponyaji. Mandhari ya pale ni ya kukata na shoka, lakini wakifika wanaipa kisogo: tambiko linaelekezwa mwambani, na pombe inayomwagwa ukutani ni ugomvi wa muda mrefu na wahifadhi, maana inafifisha michoro. Hesabu ya upeo inaeleza kwa nini abiria amesema "Mungu fundi". Waliopanda mlima mzima kisha wakageukia jiwe, inawakosa.