Kuiamsha kompyuta ya nyumbani ukiwa mbali bila kuacha faili wazi

Kompyuta iliyolala bado inakula umeme kidogo, na sehemu ya umeme huo huenda kwenye kadi ya mtandao. Kadi hukaa macho ikisubiri pakiti maalumu: baiti 6 za FF, kisha anwani ya MAC ya kadi hiyo (namba yake ya utambulisho) imerudiwa mara 16, jumla baiti 102. Ikiipata, inaiamsha mashine. Ndiyo Wake-on-LAN, na kwa kawaida haidai nenosiri lolote. Hilo halinisumbui sana, maana kuamsha si kuingia. Hatari iko kwenye njia ambayo watu huifungua ili pakiti ipite.

Kwanza BIOS, yaani mipangilio ya msingi unayoifungua kompyuta inapoanza kuwaka. Washa "Wake on LAN" (bodi nyingine huandika "Power On by PCI-E") na uzime "ErP", kwani ErP huikatia kadi umeme mashine inapozimwa. Kwenye Windows, nenda Device Manager, fungua kadi ya mtandao, kisha kwenye "Power Management" ruhusu kadi iamshe kompyuta na uweke tiki kwenye "Only allow a magic packet to wake the computer". Ukiisahau tiki hiyo, mashine itashtuka usingizini kwa kila pakiti ya kawaida. Zima pia "Fast Startup" (kipengele cha Windows cha kuwaka haraka), hasa kama una mazoea ya kuzima badala ya kulaza. Kuhakiki, fungua Command Prompt uandike powercfg /devicequery wake_armed. Kadi isipotajwa hapo, usiendelee. Kwenye Linux, sudo ethtool eth0 inapaswa kuonyesha "Wake-on: g". Ukiona d, andika sudo ethtool -s eth0 wol g, na uweke amri hiyo ijiendeshe kila mashine inapowaka, kwa kuwa mara nyingi hupotea. Badala ya eth0, weka jina la kadi yako.

Na utumie kebo. Wi-Fi kwa kazi hii ni bahati nasibu.

Sasa ukiwa nje ya nyumba. Wengi hufungua poti 9 ya UDP (mlango wa kupitishia pakiti kutoka intaneti) kwenye ruta na kuielekeza kwenye IP ya kompyuta, yaani anwani yake ndani ya mtandao. Wakijaribu mara tu baada ya kuilaza, inaamka; wakijaribu baada ya saa moja, kimya. Sababu ni kwamba ruta hukumbuka kwa muda mfupi tu IP ipi ni ya MAC ipi. Kumbukumbu hiyo ikifutika, ruta huuliza tena, na kompyuta iliyolala mara nyingi haijibu. Pakiti inafia kwenye ruta.

Dawa ni kuwa na kifaa kidogo kinachowaka muda wote ndani ya mtandao huohuo. Raspberry Pi yoyote, ile kompyuta ndogo ya bodi moja, inatosha. Weka juu yake WireGuard, programu ya VPN inayokuunganisha na mtandao wa nyumbani kwa njia iliyosimbwa, na ufungue poti moja tu, 51820 ya UDP. WireGuard haimjibu asiye na ufunguo sahihi, hivyo anayepekua poti kutoka nje haoni kitu. Ukishaunganika, ingia kwenye Pi kwa SSH (njia ya kuandika amri kwenye mashine iliyo mbali) na uandike wakeonlan ikifuatiwa na anwani ya MAC. Kama IP ya nje ya ruta yako iko kati ya 100.64.0.0 na 100.127.255.255, mtoa huduma amekuweka nyuma ya ruta yake na kufungua poti hakutasaidia. Hapo tumia Tailscale, VPN isiyohitaji ufungue poti.

Poti 3389 ya Remote Desktop, huduma ya Windows ya kuitumia kompyuta ukiwa mbali, usiifungue kwenye intaneti kamwe, hata kwa siku moja. Udhaifu wake ulioitwa BlueKeep, wa mwaka 2019, ulimruhusu mshambuliaji kuendesha programu zake bila kujua nenosiri.

Kuna jambo huwachanganya watu: mashine inaamka, kisha baada ya dakika 2 inalala tena. Windows ikiamshwa na mtandao bila mtu kugusa kibodi hutumia kipimo kingine cha muda, "System unattended sleep timeout". Kiongeze kifike dakika 20 hivi.

Tuje kwenye faili. BitLocker, kipengele cha Windows cha kusimba diski, hulinda diski, lakini mashine ikilala kawaida, ufunguo wake unabaki kwenye RAM, kumbukumbu ya muda ya kompyuta. Mwizi akiibeba ikiwa bado ina umeme, kinachomzuia ni skrini ya kuingilia tu. Hibernate ni salama zaidi, kwa sababu RAM huandikwa kwenye diski iliyosimbwa kisha umeme hukatwa. Lakini ukiweka PIN ya BitLocker, mashine ikiamshwa kutoka hibernate itasimama ikidai PIN, na wewe uko mbali.

Mimi huacha BitLocker bila PIN kwenye kompyuta ya aina hii, kisha nyaraka nyeti naziweka ndani ya kontena la VeraCrypt (faili moja iliyosimbwa inayofanya kazi kama diski) lenye nenosiri lake. Kwenye mipangilio ya VeraCrypt, washa kujifunga kontena mashine inapoingia usingizini. Ukimaliza kazi, funga faili zote, lifunge kontena mwenyewe, kisha andika shutdown /h, amri ya hibernate.