Kisu cha Kijapani: nyundo si kitu, shida iko kwenye moto

Nikisema nafua visu kwa mtindo wa Kijapani, swali la kwanza huwa: feleji, yaani chuma kigumu chenye kaboni, unaikunja mara ngapi? Hayo ni mambo ya panga za samurai. Kisu cha kawaida cha jikoni cha Sakai, mkoani Osaka, hakikunjwi. Ni chuma laini kilichoungwa na feleji ngumu upande wa makali, basi.

Kuunga huko ndiko kunakomtoa mwanafunzi jasho. Unapasha chuma laini, unanyunyizia boraksi (unga mweupe kama chumvi) iliyochanganywa na unga wa chuma, unalaza feleji juu, unarudisha motoni, kisha unagonga. Boraksi ikiyeyuka huondoa magamba ya chuma kilichoungua yanayozuia vipande visishikane. Moto ukiwa mdogo, havishiki. Ukizidi, kaboni inapotea na chembe za feleji zinakua; kisu kitang'aa vizuri tu dukani, lakini makali yatamomonyoka.

Feleji maarufu ni ya Yasugi, mkoani Shimane. Aina ya shirogami ni chuma na kaboni, asilimia 1 na ushei, bila nyongeza ya maana. Aogami imeongezwa kromi na tungsteni, hivyo hudumu na makali, ila kuinoa kuna kazi. Anayeanza nampa shirogami. Haimvumilii mtu anayekisia moto, na ndiyo sababu inafundisha haraka.

Kisha kuna kukitia ugumu. Kisu hupakwa tope jembamba la udongo, hukaushwa, hupashwa hadi karibu nyuzi 800 za Selsiasi, na kuzamishwa majini. Tope huzuia mapovu ya mvuke yasigande kwenye chuma, kwa hiyo kisu hupoa kwa usawa. Karakana huwekwa giza makusudi: kwenye mwanga wa jua, wekundu unaofaa na wekundu uliopitiliza huwezi kuvitofautisha. Kikitoka majini ni kigumu lakini chepesi kuvunjika, kwa hiyo hupashwa tena kidogo, chini ya nyuzi 200. Wapo wazee wanaodondoshea maji juu ya bapa na kutazama matone yanavyokimbia. Mimi nina kipimajoto, na sioni aibu.

Kwa kuwa feleji na chuma laini havisinyai sawa, kisu hupinda. Kukinyoosha kwa nyundo ndogo, huku umekielekeza kwenye mwanga na kukitazama kwa jicho moja, kunakula muda kuliko kufua kwenyewe. Hakuna anayekupiga picha ukifanya hivyo.

Huko Sakai mfuaji hafiki kwenye kutia makali: kunoa ni kazi ya fundi mwingine, na mpini ni wa mwingine tena. Ukitaka kuona hatua nyingi chini ya paa moja, nenda Takefu Knife Village huko Echizen, mkoani Fukui, karakana ya pamoja iliyofunguliwa mwaka 1993. Wageni wanaruhusiwa kutazama mafundi wakiwa kazini.