Nusumaisha mbili si maisha kamili

Kila tunapokwenda kuzungumza na kidato cha nne, iwe Arusha au Moshi, swali ni lilelile: kama nusumaisha (muda ambao nusu ya kitu huoza, yaani viini vya atomu zake hubadilika na kutoa mionzi) ya siziamu-137 ni miaka 30, si ikifika miaka 60 imekwisha? Haijakwisha. Baada ya miaka 30 inabaki nusu, baada ya 60 robo, baada ya 90 thumuni. Kinachogawanywa kila mara ni kilichobaki.

Neno "kuoza" nalo linapotosha. Embe huoza haraka juani na hukawia kwenye friji. Kiini cha atomu hakijui jua wala friji. Chemsha, gandisha, loweka kwenye ndimu (ndiyo, tumeulizwa habari za ndimu), kasi ni ileile. Wala hakizeeki: kiini cha siziamu kilichodumu karne nzima kina nafasi ya kuoza leo sawasawa na kilichozaliwa jana.

Wanaoogopa neno "mionzi" wakumbuke mtori. Ndizi zina potasiamu-40, ambayo nayo hutoa mionzi na nusumaisha yake ni miaka bilioni 1.25, na hakuna aliyeacha kula. Kwa potasiamu hiyohiyo, iliyomo kwenye majivu ya volkano, wataalamu walipima umri wa tabaka la chini la Olduvai mwaka 1961 wakapata takribani miaka milioni 1.75.

Chanzo cha mionzi cha hospitalini au kiwandani ni jambo jingine. Mwaka 1987 huko Goiânia, Brazili, kichwa cha mashine ya tiba kilichoachwa kwenye kliniki iliyohamwa kiliuzwa kwa mnunuzi wa chuma chakavu. Ndani mlikuwa na unga wa siziamu-137 uliong'aa buluu gizani. Watu wakaugawana kama kitu cha urembo. Wanne walikufa. Siziamu ile ilifika nusu mwaka 2017.

Kwa hiyo, hapa Tanzania, kwa mujibu wa Sheria ya Nguvu za Atomiki Na. 7 ya mwaka 2003, kumiliki chanzo cha mionzi kunahitaji leseni. Kukiingiza nchini kunahitaji kibali. Kukisafirisha, hata kutoka Moshi hadi Arusha, kunahitaji kibali, na mwenye leseni ya kumiliki asidhani ameshamaliza. "Chanzo ni cha zamani, kimeshaisha nguvu" si utetezi. Rudi aya ya kwanza. Anayekiuka anakabiliwa na faini, kifungo au vyote viwili.

Ukiona kwenye vyuma kasha zito lenye alama ya mapanga matatu kama ya feni, usilikate, usiligonge, usilipakie kwenye bodaboda. Ondoka hapo, zuia wengine wasisogee, toa taarifa polisi au ofisi za Tume ya Nguvu za Atomiki. Ukubwa wa hatari hutegemea aina ya chanzo, umbali na muda uliokaa karibu nacho, hivyo hatuwezi kukuhakikishia lolote kabla ya kupima.

Na simu ipigwe ukiwa mbali, siyo huku umelipakata.