Je, wajua kwa nini panya wengine hula sumu wasife?

Kwa miaka mingi swali hili nililijibu kwa kujiamini, na nilikosea mara mbili. Nilisema sumu ya panya huyeyusha damu ikawa kama maji. Nikasema pia kwamba panya akiilamba kidogo kidogo huizoea, kama mlevi na gongo.

Tuanze na damu, kwa sababu hapo ndipo wengi tumekwama. Warfarini, sumu iliyoingia sokoni mwaka 1948, haiigusi damu yenyewe. Itie kwenye chupa yenye damu mbichi, na damu itaganda kama kawaida. Kinachoshambuliwa kiko kwenye ini: protini ndogo yenye asidi amino (vipande vinavyoungwa kuwa protini) 160 hivi, inayotengenezwa kwa maelekezo ya jeni iitwayo Vkorc1. (Ya binadamu huandikwa VKORC1, herufi zote kubwa. Wanajenetiki wana itifaki zao.) Protini hiyo imejichomeka kwenye utando ulio ndani ya seli, penye karakana ambamo protini zinazosafirishwa nje hukunjwa na kumaliziwa.

Mfikirie mama lishe anayepika chapati kwa mitungi midogo ya gesi, kila chapati ikimaliza mitungi kadhaa. Chapati ni protini za kugandisha damu. Mtungi uliojaa ni vitamini K. Chapati ikiiva, maana yake protini imetiwa vishikizo vya kukamatia kalsiamu, na bila kalsiamu haiwezi kunata kwenye jeraha. Lakini kila inapoiva, mitungi kadhaa inabaki mitupu. Mwili hauna akiba kubwa ya vitamini K, kwa hiyo yupo kijana ambaye kazi yake kutwa ni kuokota mitungi mitupu na kuijaza tena. Kijana huyo ndiye ile protini ya Vkorc1.

Warfarini humfunga kijana mikono. Sasa angalia kinachofuata, maana ndicho nilichokuwa sikijui: mama haachi kusukuma unga. Anaendelea kutoa chapati, ila mbichi. Damu ya panya aliyekula sumu bado ina protini zake, tena nyingi tu, lakini hazishiki kitu. Haijawa nyepesi hata kidogo. Daktari anayemwandikia mgonjwa wa moyo warfarini hiyohiyo akaiita dawa ya kufanya damu iwe nyepesi, anafupisha maneno tu.

Mfano huu unaeleza pia kwa nini panya hafi papo hapo. Chapati zilizoiva jana bado zimo kwenye hotpoti. Aina moja, inayoitwa kigezo cha saba, huisha ndani ya saa chache. Nyingine, prothrombini, hudumu muda mrefu zaidi. Panya ni mwoga wa chakula kigeni na hukikumbuka kilichomtia tumbo la kuuma, lakini ugonjwa unapoanza hana tena sababu ya kukishuku kile chambo kitamu cha juzi.

Na kuzoea? Panya sugu waligunduliwa Scotland mwaka 1958, miaka kumi tu baada ya sumu kuanza kuuzwa. Hawakuwa wamezoea chochote. Walizaliwa hivyo, wenzao wakafa, wao wakazaa. Jeni yenyewe ilitambuliwa mwaka 2004, na makundi mawili ya watafiti kwa wakati mmoja. Huko Ujerumani na Denmark, panya wengi sugu wamebadilika herufi moja tu ya jeni: asidi amino ya 139, tairosini, imekuwa sisteini. Mikono ya kijana imebadilika umbo kidogo, na kamba haikazi tena.

Bei yake ipo. Baadhi ya panya hao huhitaji vitamini K nyingi zaidi kwenye chakula, kana kwamba kijana wao ni mzembe kidogo wa kujaza mitungi. Hata hivyo tusikimbilie kusema jeni hii inaeleza kila kitu: vipimo vya kwanza vya maabara vilishindwa kuonyesha usugu katika baadhi ya mabadiliko ambayo kwa panya hai yalikuwa dhahiri kabisa, na ikabidi namna ya kupima ibadilishwe.

Kioja chenyewe kiko kwa wale panya wadogo wa nyumbani, ambao Kiswahili chetu huwaita panya vilevile ingawa ni spishi nyingine. Mwaka 2011 watafiti walionyesha kwamba baadhi yao, Hispania na Ujerumani, hawakupata usugu kwa jeni yao kubadilika. Waliupata kwa kuzaa na panya wa Algeria, spishi ya Afrika Kaskazini na kusini-magharibi mwa Ulaya, ingawa madume wa mseto huo mara nyingi huwa tasa. Majike wachache walipenya, wakaingia nyumba za Wajerumani na jeni ya kuazima.