Je, wajua kwa nini jino huoza kimyakimya?

Mwambie mtu akamwone daktari wa meno, na mara nyingi atakujibu: "Lakini jino haliniumi." Kwa tumbo au goti, jibu hilo lingeeleweka. Kwa jino halisaidii kitu, na sababu iko kwenye umbo la jino lenyewe.

Tabaka la nje, yaani enameli, ni gumu kuliko kitu kingine chochote mwilini. Karibu asilimia 96 ya uzito wake ni madini. Lakini ndani yake hamna neva, hamna damu, wala seli hai hata moja, kwa hiyo haliwezi kuuma, na likishamong'onyoka halioti tena. Linaweza kutobolewa taratibu kwa miezi, hata miaka, mwenyewe usihisi lolote.

Na anayelitoboa si mdudu, ingawa mpaka leo tunasema jino limeliwa na wadudu. Daktari wa meno Mfaransa, Pierre Fauchard, aliikataa habari ya mdudu wa jino katika kitabu chake cha mwaka 1728. Mwaka 1890, Willoughby Miller, Mmarekani aliyefanya kazi Berlin, akaeleza kinachotokea hasa: bakteria wa kinywani hula mabaki ya sukari na wanga, kisha hutoa asidi, na asidi hiyo huyeyusha madini ya jino.

Ukila kitu kitamu, asidi hupanda ndani ya dakika chache tu. pH, yaani kipimo ambacho hushuka asidi inapozidi, ikifika chini ya 5.5 hivi, enameli huanza kupoteza madini. Ndipo mate yanapoingia kazini: huizimua asidi na kurudisha madini ya kalisi na fosfeti, kazi ya kama nusu saa hadi saa nzima. Kwa hiyo anayemaliza soda yake kwa mkupuo mmoja hulitesa jino kidogo kuliko anayeinywa funda moja moja toka asubuhi hadi mchana. Huyu wa pili hayapi mate hata nafasi ya kupumua.

Mate yakizidiwa, kinachotangulia si shimo jeusi. Ni doa jeupe lililofifia, kama chaki, mara nyingi karibu na ufizi. Jino likiwa limelowa doa hilo halionekani vizuri. Ndiyo maana daktari hulipuliza hewa likauke, kisha akalitazama chini ya taa. Kwangu mimi, hii ndiyo faida kubwa kuliko zote ya kwenda kupimwa bila kuumwa, kwa sababu doa hilo bado linatibika. Likipakwa floraidi na sukari ikipunguzwa, enameli hupata madini tena bila jino kuchimbwa. Uso wake ukishabomoka, hakuna dawa ya meno itakayouziba.

Chini ya enameli kuna dentini, laini zaidi, yenye vijitundu vinavyoelekea kwenye kiini cha jino. Uozo ukifika hapo huongeza kasi, na maji baridi yanaweza kuanza kukushtua. Uozo ukigusa kiini, penye neva na mishipa ya damu, usiku hulali. Kisha kuna mtego: maumivu huweza kukoma yenyewe. Mwenye jino hushukuru kuwa amepona, kumbe neva imekufa na maambukizi yanashuka kwenye mzizi kuelekea mfupani. Jino lililohitaji kuzibwa tu sasa ni la kusafishwa mizizi, au kung'olewa.

Fizi nazo hazipigi kelele. Utando wa bakteria unaoganda kwenye meno usipoondolewa hugeuka kuwa ukoga mgumu, na huo mswaki hauuwezi, hata usugue vipi. Pitisha ulimi nyuma ya meno ya mbele ya chini: ukikuta mkwaruzo kama wa saruji, ndio huo. Hupenda kujijenga hapo kwa kuwa mirija ya mate hufungukia chini ya ulimi, na mate yana madini. Fizi zikitoka damu, wengi huacha kupiga mswaki upande huo, na hapo ndipo wanapoziharibu zaidi.

Je, lazima ukapimwe meno kila miezi 6? Si kwa kila mtu. Mwongozo wa Uingereza huwapangia watu wazima kati ya miezi 3 na 24 kulingana na hali ya kinywa, na watoto wasizidishe miezi 12. Mvutaji sigara au mgonjwa wa kisukari ataitwa mapema.

Kwa mtoto, angalia anapokaribia miaka 6. Gego la kwanza la kudumu huota nyuma kabisa, bila jino lolote kung'oka kulipisha, hivyo wazazi wengi hulidhani ni la utoto na kuliacha wakisema litang'oka tu. Juu yake pana mifereji myembamba ambayo nyuzi za mswaki haziingii. Daktari akiliwahi, huipaka mifereji hiyo utomvu mwepesi unaoganda na kuiziba kabla mabaki ya chakula hayajatuama humo.