Je, wajua kwa nini "tisa wanatoka salama" na "mmoja anaumia" haziingii moyoni sawa?

Mwaka jana nilikaa na mama mdogo kwenye benchi la hospitali hapa Busia, goita yake, ule uvimbe wa shingoni, imefura mpaka leso haifichi tena, na daktari alikuwa ameshamweleza vizuri kwamba katika watu kumi anaowapasua, tisa wanatoka na sauti yao vilevile. Mama mdogo akaridhika, akafungua chupa ya chai akanimiminia. Halafu kaka yangu akafika na boda, akasikia hiyo habari, akauliza, "Kwa hiyo mmoja kati ya kumi sauti inaharibika?" Wee! Kikombe kikarudi chini. Mama mdogo anauza mukene, dagaa wa ziwani, sokoni, anaita wateja kwa Kisamia, Kiganda na Kiswahili tangu asubuhi mpaka jua linazama, sauti ndo mtaji wake. Akaanza kufunga kikapu, twende nyumbani.

Hesabu ni ile ile, hakuna kilichobadilika isipokuwa upande ilikosemewa.

Na msidhani ni mambo ya watu wasiosoma. Mwaka 1982 huko Marekani ulitoka utafiti ambapo madaktari wenyewe waliulizwa kuhusu kansa ya mapafu, wachague kupasua au kutibu kwa mionzi. Walioambiwa kwamba mwezi mmoja baada ya kupasuliwa asilimia 90 wako hai, 84 kati ya 100 walichagua kupasua. Wenzao walioambiwa asilimia 10 wanakufa ndani ya mwezi huo, ni nusu tu waliochagua kupasua. Madaktari hao! Mmoja wa waliofanya kazi hiyo ni Amos Tversky, aliyeshirikiana miaka mingi na Daniel Kahneman, ambaye baadaye mwaka 2002 alipewa Nobeli ya uchumi.

Sasa kwa nini? Kwa sababu kupoteza kunauma kuliko kupata kunavyofurahisha. Ukiokota elfu kumi njiani utafurahi mpaka jioni, lakini ikikudondoka kwenye taxi utaihesabu wiki nzima. Neno "kufa" au "kuharibika" likitamkwa, hofu inafika kabla ya hesabu, na hesabu ikifika inakuta kiti kimeshakaliwa.

Kuna wanaosema basi tutoe hisia kabisa tufikirie kwa akili tu, na hapo mimi nakataa. Daktari wa ubongo Antonio Damasio aliandika mwaka 1994 habari za mgonjwa aliyempa jina Elliot, alitolewa uvimbe kwenye ubongo, sehemu ya mbele juu ya macho. Akili yake ilibaki kali, vipimo alifaulu, ila hisia zilipoa, na tangu hapo akawa hawezi kuamua mambo, anaweza kushinda mchana mzima akiwaza apange makaratasi kwa tarehe au kwa ukubwa. Kazi ikaenda, ndoa ikaenda. Kumbe hisia ndo zinatuambia kipi kina uzito.

Huruma nayo ina njia zake. Watafiti waliwapa watu dola 5, wakawaomba wachangie wenye njaa Afrika. Walioonyeshwa msichana mmoja wa Mali, Rokia, miaka 7, walitoa kwa wastani dola 2.38, na waliosomewa takwimu za mamilioni ya watu walitoa 1.14 tu. Hata sisi, milima ya Bududa, mashariki mwa Uganda, ilipoporomoka Machi 2010 na watu zaidi ya 300 wakahofiwa kufa, ile namba peke yake ilikuwa ngumu kushika, ila ukimwona mama mmoja amekaa juu ya udongo mahali palipokuwa jiko lake, unatoa ulichonacho. Moyo unashika uso, namba zinauteleza.

Na fremu, yaani upande jambo linakosemewa, inaweza kuokoa watu pia. Miaka ya mwisho ya 1980 ukimwi ukitumaliza, Uganda ilitumia neno la wafugaji, ziro grezingi, yaani ng'ombe analishwa zizini kwake, harandirandi kwenye majani ya wengine, na mtu naye abaki na mwenzi wake. Kila mwenye ng'ombe alielewa bila kuhubiriwa, na mzee aliweza kulisema mbele ya wakwe bila aibu.

Turudi kwa mama mdogo. Nilimwomba daktari aseme pande zote mbili, tisa na yule mmoja, na pia aseme goita ikiachwa itakuwaje, maana hilo hakuna aliyekuwa amelitaja. Akasema ikiendelea kukua inaweza kubana njia ya hewa. Mama mdogo akanyamaza, akashika shingo, kisha akauliza swali ambalo mimi na kaka wala hatukulifikiria:

"Daktari, huyo mmoja, sauti yake hairudi kabisa?"

"Wengi wao inarudi, mama, wiki kadhaa au miezi michache."

Akaniambia nimmiminie chai iliyobaki, akauliza tarehe.