Kansa ya ulimi kwa vijana: maneno ya mtaani na ukweli wake

"Kansa ya ulimi ni ya wazee wavuta kiko." Hii ndo inachelewesha vijana kuliko zote. Ni kweli wagonjwa wengi wana miaka 50 kwenda juu, ila nchi zenye rekodi za muda mrefu zinaona wenye chini ya miaka 45 wanaongezeka, na wengi wao hawajawahi kuvuta wala kunywa, na sababu bado inatafutwa. Kwa hiyo binti wa Mabatini hapa Mwanza ambaye hata bia hajaonja anaweza kuipata. Shida ni kwamba ukifika zahanati na miaka yako 24 hakuna anayewaza kansa, unapewa vitamini B na dawa ya zambarau ya kupaka, ukirudi unaongezewa zilezile, miezi inakatika.

"Ingekuwa kansa ingeuma." Wapi! Mwanzoni mara nyingi haiumi. Kidonda cha kawaida ndo kinakuunguza ukila pilipili, halafu wiki mbili kimeisha. Cha kuogopa ni kile kinachokaa, hasa pembeni ya ulimi unapogusana na magego, ukikibonyeza kigumu, au doa jeupe au jekundu ambalo ukilisugua halitoki. Wengine wanaumwa sikio la upande uleule na sikio lenyewe zima kabisa, wengine inatokea tezi shingoni. Zikipita wiki tatu hakijapona, acha kusukutua maji ya chumvi, nenda.

"Kuberi haina moshi kwa hiyo haina shida." Kuberi ni tumbaku ya kuweka mdomoni, na maneno haya utayasikia mwaloni Kirumba na vijiwe vya boda, na wavuvi wanaiweka mdomoni usiku wasisinzie ziwani. Jamani tumbaku ya kuweka mdomoni, pamoja na ugoro, ipo kundi moja na sigara kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani ya vitu vinavyosababisha kansa kwa binadamu. Na ukichanganya tumbaku na gongo hatari hazijumlishwi tu, zinazidishana.

Sasa hii inayoniudhi: "ukiigusa kwa kisu inasambaa." Naelewa ilikotoka, mtu anakaa na kidonda mwaka mzima anabandika unga wa mizizi, anafika hospitali tezi za shingo zishavimba, kinachukuliwa kinyama cha kupima, baada ya muda anafariki, msibani wembe ndo unabebeshwa lawama. Kuchukua kinyama ni hivi, unachomwa ganzi, kinakatwa kipande kidogo ukingoni mwa kidonda, kinaenda maabara kuangaliwa kwa darubini. Hakuna njia nyingine ya kuthibitisha, hata picha ya siti skani haitoshi. Kinachosambaza ni kusubiri. Ukitaka kuombewa ombewa, mimi sina neno, ila kinyama kitoke wiki hiyohiyo.

Kwamba amelogwa, au ulimi umemrudi kwa kusema watu vibaya, hapo sikai sana, umbea ungekuwa unaleta kansa vijiwe vyote vingekuwa vitupu.

Kuna na hii ya mitandaoni, eti kijana akipata basi ni mambo yake ya chumbani. Wanamaanisha kirusi cha HPV, kinachoambukizwa kwa ngono. Hicho kinahusika zaidi na kansa ya nyuma kule, shina la ulimi na tonsili. Ya sehemu ya mbele, hii unayoiona kwenye kioo, mara nyingi HPV haimo. Kwa hiyo msimnyanyapae mtu, na wala haiambukizi, kuleni naye sahani moja.

"Wanakata ulimi wote unabaki bubu." Ikiwahiwa inatolewa sehemu tu na mtu anaongea na kula, matamshi yanabadilika kidogo. Ikiwa kubwa wanaweza kuziba kwa nyama ya mkononi, na wengine wanasafishwa tezi za shingo na kupigwa mionzi. Mionzi siku hizi ipo hapahapa Mwanza, hospitali ya Bugando, zamani ilikuwa lazima hospitali ya Ocean Road Dar.

Na pa kuanzia sio lazima Bugando. Daktari wa meno wa hospitali ya wilaya, iwe Magu au Nansio, anaweza kukuangalia na kukuandikia rufaa. Anatakiwa aushike ulimi kwa kitambaa, auvute huku na huku aone pembeni na chini yake, apapase na shingo. Ukimulikwa tochi sekunde mbili ukaambiwa funga mdomo, bado hujapimwa, mwambie arudie.